Spana Zisizo na Asili

KWA WATU WOTE WA UFIPA, wenye magari na wasio na magari. Serikali, kwa huruma ambayo hamkuiomba, imewaletea Maonyesho ya Zana Mpya za Ufundi wa Magari. Zana hizo zitatazamwa katika uwanja wa boma la Sumbawanga kuanzia Alhamisi saa tatu asubuhi hadi Jumamosi saa kumi jioni. Zitatazamwa kwa macho. Atakayetazama kwa mkono atashtakiwa.

Tangazo hilo la mwaka 1951 liliandikwa na Modesti, karani wa pili wa boma, na yeye mwenyewe aliliona ni zuri kupita kiasi. Sentensi aliyoipenda zaidi ni ile ya macho. Aliitunga bila kusaidiwa na mtu, akaipiga taipu, kisha akatoka nje akaisoma kwenye mti ilipobandikwa kama mpita njia asiyejua habari zake.

Modesti alikuwa na miaka thelathini na miwili, kaptula iliyopigwa wanga mpaka ikaweza kusimama peke yake, kalamu mbili mfukoni na imani moja moyoni: kwamba jambo lisiloandikwa halijatokea, na lililoandikwa nakala tatu limetokea sana. Mapadri walimfundisha dini, hesabu na taipu, na katika hayo matatu lililomshika barabara ni la tatu.

Zana zilikuja kwa lori ndani ya masanduku matatu. Mtaalamu wa kuzieleza alikamatwa na homa njiani, akarudi alikotoka. Kwa hiyo Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alikisoma kijitabu kilichokuwamo sandukuni kwa jioni mbili, na siku ya tatu akawa mtaalamu. Hakuwahi kushika spana maishani mwake, jambo lililomwacha bila upendeleo. Mwaka uliotangulia alikuwa amejifunza ufugaji wa nyuki kwa njia hiyohiyo, na nyuki, ambao hawakukisoma kitabu, walimlaza kitandani siku nne.

Kazi ya kuorodhesha majina ya zana ilikwenda vizuri mpaka walipoifikia spana moja yenye mdomo unaopanuka na kujifinya, ile inayokubali nati ya kila aina. Bwana Shauri akauliza mafundi wa mjini wanaiitaje. Modesti akakohoa, akasema wanaiita spana malaya. Kikao cha dharura kikakaa saa mbili, na kibandiko kikatoka kimeandikwa SPANA MKARIMU.

Ilionekana hata hivyo kwamba mtu hawezi kuitamani spana mpya ikiwa nyumbani anayo nyingine. Ili kuondoa kizuizi hicho cha maendeleo, Bwana Shauri alitoa Amri ya Zana Namba Tatu. Namba Moja na Namba Mbili hazikuwahi kuwapo, lakini tatu ilionekana kuwa na uzito zaidi. Amri ilisema kwamba zana yoyote isiyo na muhuri wa kiwanda ni zana isiyo na asili. Kwamba atakayegeuza nati kwa zana ya namna hiyo, pamoja na yeyote atakayemsaidia, bila kujali cheo, atafyeka nyasi za boma siku saba. Kwamba hakuna ruhusa ya mdomo. Na kwamba kesi zote zitasikilizwa hadharani Jumatatu inayofuata ili watu wajifunze. Maneno "bila kujali cheo" aliyaongeza Bwana Shauri kwa mkono wake. Aliyasoma mara mbili kwa sauti, akatabasamu.

Zana za mafundi wa mjini zikaanza kukusanywa. Zilikuwa thelathini na moja. Zilitakiwa kupangwa juu ya meza yenye kitambaa cheusi, mkabala na meza ya zana mpya yenye kitambaa chekundu, chini ya maandishi makubwa: ZANA ZISIZO NA ASILI. Jumamosi saa kumi jioni, baada ya hotuba, zingetupwa katika shimo jipya la choo cha gereza, futi ishirini kwenda chini, ambalo wafungwa walilichimba kwa kazi hiyo na kwa kazi nyingine itakayofuata.

Hapo palikuwa na neno dogo. Zana zote thelathini na moja zilifuliwa na mtu mmoja, Mzee Zenon, mhunzi wa Pito. Na Mzee Zenon alikuwa baba mzazi wa Modesti. Sumbawanga nzima ililijua hilo, ukiiondoa Serikali, kwa kuwa hakuna aliyeiandikia barua.

Modesti hakumkana baba yake. Hakumtaja tu. Mtu akishafika kwenye taipu haoni sababu ya kuwakumbusha watu masizi aliyotoka nayo.

Na ili asiyelijua jambo asipotee, inafaa tueleze kazi ya mzee huyo. Barabara za Ufipa zina tabia ya kulegeza kila kinacholegea. Nati ikikazwa na kufunguliwa miaka kumi, leo kwa koleo, kesho kwa patasi, kesho kutwa kwa matusi, pembe zake hulika, na kila moja hubaki na sura yake peke yake. Spana ya kiwandani imetengenezewa nati mpya, na nati mpya haikuwapo Ufipa nzima. Kwa hiyo fundi alipokwama alichukua donge la ugali wa ulezi uliolala, akalikandamiza juu ya nati mpaka likashika alama, akalifunga kwa jani la mgomba, akalipeleka Pito. Mzee Zenon aliligeuzageuza kwenye mwanga, akaguna, akachagua kipande cha jembe la zamani, la chuma kile ambacho wazee wake walikiyeyusha wenyewe katika tanuri refu la udongo, akafua spana ya nati ile na si nyingine.

"Spana moja, nati moja," alikuwa akisema. "Kama ndoa ya kanisani."

Wa mwisho kusalimisha alikuwa Lukmani wa Katandala, fundi wa malori ya shangazi yake Kulsumu, mwenye duka na mwenye sauti. Alifika Alhamisi alfajiri na kikapu kilichomvuta bega. Modesti alikuwa na fomu.

"Namba tisa," Modesti alisema, akiipima kwa rula. "Urefu inchi saba. Kutu ya wastani. Kazi yake?"

"Nati za gurudumu la nyuma la lori la shangazi. Leo siku ya tatu liko juu ya magogo, na mahindi yameanza kuota ndani."

"Kazi: haijathibitishwa," Modesti akaandika. "Namba kumi na nne?"

Lukmani akacheka puani. Spana ile ilikuwa nyembamba, shingo imepinda kama ya korongo. "Bwana karani, nati ya hiyo unaipita kila siku. Bomba la petroli la gari la boma. Likigoma dereva huniletea kimyakimya, nami nalifungua, na Bwana Shauri humsifu dereva."

Kalamu ya Modesti ilisita. "Haijathibitishwa," akasema.

"Basi niandike na mimi. Lukmani, futi tano na nusu, kutu ya wastani, kazi haijathibitishwa." Akaiweka kofia yake sawa, na mzaha ukamtoka usoni. "Ndugu yangu, mkizitupa hizi chooni mimi si fundi tena. Ni mtu mwenye mikono michafu tu. Na yule mzee pale Pito, baada ya Jumamosi atakuwa nani?"

"Hapa ni ofisini, Lukmani."

"Naona," Lukmani alisema. "Kuna hadi kiti."

Maonyesho yakafana. Watu walipangwa mstari mmoja, wakasogezwa mbele ya meza nyekundu, wakatazama kwa hesabu ya kumi, kisha wakasogezwa tena. Aliyehesabu ni askari Felisiani, mtu mwaminifu kabisa, aliyeweza kuhesabu siku nzima bila kufika kumi na moja. Zana mpya zilifungwa mezani kwa kamba, na lazima tuseme kweli, zilipendeza. Kulikuwa na boksi spana za kila kipimo zimelala kwenye sanduku lao kwa mpangilio wa urefu, koleo zisizo na doa, na bisibisi zenye vipini vyekundu vya kutamanisha hata kulamba. Bwana Shauri alisimama pembeni na kijitabu chake, akieleza.

Mama mmoja mkulima wa ulezi, Bertilla, aliinama juu ya boksi spana.

"Hii inalima?"

"Hapana, mama," Modesti akajibu. "Inafungua nati."

"Mimi sina nati."

"Ndiyo sababu unaombwa utazame tu."

Bertilla akatazama mpaka kumi, akaishukuru Serikali, akaenda zake shambani. Modesti akaandika kwenye ripoti: mtazamaji ameridhika.

Ijumaa, katikati ya mstari, akatokea Mzee Zenon. Alivaa koti lake la misa, na vumbi la njia ya Pito lilikuwa limempanda mpaka magotini. Mbele yake walikuwapo watu kumi, kwa hiyo Modesti alipata hesabu ya mia moja ya kufikiri. Mtoto akikutana na baba yake husema shikamoo. Hilo halihitaji Amri. Lakini Bwana Shauri alisimama hatua mbili tu kutoka pale, na shikamoo moja ingezaa maswali, na maswali yangezaa majibu. Mia moja ikaisha.

"Songa mbele, mzee," Modesti alisema.

Mzee Zenon akasonga mbele. Alizitazama zana mpya kwa jicho la mtu wa kazi, wala hakukuwa na wivu ndani yake. "Safi," alisema. "Aliyezifanya hizi anaujua moto." Felisiani akafika kumi, akamsogeza kwenye meza nyeusi, na hapo mzee akasimama. Kusoma hakujua.

"Bwana karani," aliuliza taratibu, "hapa pameandikwa nini?"

"Zana zisizo na asili."

"Soma tena. Sikio langu zito siku hizi."

Modesti akasoma tena.

"Haya," Mzee Zenon akasema. Akazitazama zote thelathini na moja, moja baada ya nyingine, bila kuhesabiwa na mtu, maana Felisiani mwenyewe alikuwa amenyamaza. Kisha akavaa kofia, akashika njia ya Pito.

Modesti aliona aibu. Haikuwa aibu ya ofisini, ya kukosea tarehe kwenye barua. Ilikuwa aibu ya utotoni, ya aliyevunja chungu cha mama yake na kumsingizia mbuzi. Jioni alirudisha sahani bila kuigusa.

Jumamosi ilikuwa siku ya mgeni rasmi, Bwana Mkubwa wa Jimbo zima. Alikuwa amepandishwa jana yake kutoka Kasanga kwa gari la boma, na ilimbidi ateremke Kasanga siku hiyo kuiwahi meli ya ziwani. Meli haikuwa na desturi ya kusubiri mtu, na nyingine ingepita baada ya wiki mbili. Bwana Shauri alikuwa na chumba kimoja tu cha wageni, na Bwana Mkubwa alikuwa na mazoea ya kusoma mafaili ya wenyeji wake akikosa kazi. Hotuba zikafupishwa. Ile ya shimoni ikaachwa isomwe mgeni akishaondoka.

Saa nane mchana Bwana Mkubwa akapanda gari. Dereva akaliwasha. Gari la boma likakohoa mara tatu, likasogea hatua tano, likazimika mbele ya meza nyekundu na umati wote.

"Bahati iliyoje!" Bwana Shauri akatangaza, kwa kuwa hakuwa mtu wa kupoteza nafasi. "Sasa mtaziona zana mpya zikifanya kazi."

Kamba zikakatwa. Dereva akafungua boneti, akajaribu kila spana kwa zamu na kwa heshima. Ya kwanza ikateleza. Ya pili ilikuwa kubwa, ya tatu ndogo, ya nne ikamchuna vidole. Boksi spana haikuingia, kwa sababu bomba lilipita katikati ya nati. Spana Mkarimu, iliyotegemewa na wengi, ilikuwa na kichwa kinene, ikakwama kwenye injini kama godoro kwenye mlango wa jikoni. Zilipokwisha zote arobaini, nati ilikuwa imekaa palepale, kwa amani.

Bwana Mkubwa akatoa saa yake mfukoni, akaitazama, akamtazama Bwana Shauri, akairudisha.

Lukmani akaitwa. Alikuja mikono ikiwa nyuma, akachungulia bila kugusa.

"Bomba limeziba uchafu," alisema. "Kazi ya dakika tano. Inatakiwa namba kumi na nne." Akaonyesha meza nyeusi kwa kidevu.

"Basi ichukue!" Bwana Shauri akasema.

"Sithubutu, Bwana. Nitafyeka nyasi siku saba, nikirudi nyumbani shangazi atanifyeka mimi."

"Mimi nakuruhusu."

Lukmani akamgeukia Modesti kwa adabu kubwa sana. "Bwana karani, hebu tusaidie sisi tusiosoma. Huku kuruhusiwa kumeruhusiwa?"

Modesti akafungua faili, ingawa Amri aliijua kichwani. "Kifungu cha tano," alisema. "Hakuna ruhusa ya mdomo. Ya maandishi hutolewa na Jimbo, baada ya maombi kukaa siku thelathini."

Bwana Shauri akamtazama dereva. Dereva akatazama tairi. Akamtazama Felisiani, na Felisiani akasimama wima zaidi, akatazama bendera.

"Nani aliandika upuuzi huu?" Bwana Mkubwa akauliza kutoka dirishani.

"Mimi, Bwana Mkubwa," Bwana Shauri akajibu.

"Basi fungua wewe."

Bwana Shauri akavua koti. Akaiokota namba kumi na nne kwa vidole viwili, akainama chini ya boneti. Umati ukasogea. Lukmani alibaki kando, mikono nyuma, akimwelekeza kwa upole wa mwalimu wa katekisimu.

"Ingiza. Hapohapo. Sasa zungusha."

Bwana Shauri akazungusha kwa nguvu za Serikali nzima. Chuma kikalia.

"Huko unakaza, Bwana. Kushoto."

"Kijitabu kinasema kulia."

"Kijitabu hakijawahi kufika hapa. Kushoto, Bwana. Kushoto kwako, si kwangu."

Nati ikaachia. Watu wakaguna kwa raha, hata wafungwa waliokuwa wakisubiri upande wa pili wa uwanja.

"Sasa bomba lipulizwe kwa mdomo," Lukmani akasema. "Ningependa, ila naogopa kusaidia."

Mikono ya Bwana Shauri ilikuwa imejaa, huku nati, huku spana. Dereva alikuwa amekwisha kwenda kutafuta maji ambayo hakutumwa. Bwana Mkubwa wa Jimbo zima akaitoa saa yake tena, akashuka garini, akainama, akashika bomba, akapuliza. Uchafu ukatoka. Na petroli ikatoka, ikamkaa kwenye masharubu.

Felisiani alikuwa ameshatoa daftari lake. "Bwana karani," akanong'ona, "niandike?"

Modesti akaitazama meza nyeusi. Akatazama nyuma ya gereza, kwenye kichuguu cha udongo mpya wa shimo. Akamsikia tena mzee akimwambia asome mara ya pili.

"Amri inasemaje?" akauliza.

"Bila kujali cheo."

"Basi tusiwavunjie heshima kwa kuwaruka. Andika wote wawili. Aliyegeuza na aliyesaidia."

Felisiani akaandika. Modesti akaona njaa inamrudia, kwa mara ya kwanza tangu jana yake.

Gari likawaka, wakubwa wakaondoka na vumbi lao, Bwana Shauri akimsindikiza mgeni hadi Kasanga ili kumpoza njiani. Saa kumi ilipofika wafungwa walikuwa tayari kando ya shimo. Modesti akawarudisha. Zana hizi sasa ni vidhibiti, akawaeleza, na kidhibiti hakitupwi chooni kabla ya hukumu. Namba kumi na nne akaikunja ndani ya leso yake safi, petroli yake na yote.

Jumatatu asubuhi Bwana Shauri aliikuta hati ya mashtaka juu ya meza yake, nakala tatu, bila kosa hata moja la taipu. Hakimu wa wilaya alikuwa yeye. Boma halikuwa na mwingine.

"Modesti, hii ifutwe."

"Ndiyo, Bwana. Kufuta kunahitaji sahihi ya Bwana Mkubwa wa Jimbo."

"Mpelekee."

"Yeye ndiye mshtakiwa wa pili, Bwana."

Nje watu walikuwa wameshajaa madirishani tangu alfajiri, wa Katandala, wa Pito na wa mbali zaidi, kwa kuwa Serikali yenyewe iliagiza kesi isikilizwe hadharani ili watu wajifunze, na walikuwa wamekuja na hamu kubwa ya kujifunza. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Bwana Shauri akaingia mahakamani na uso wa mtu aliyekula limau.

Felisiani akatoka mlangoni, akaita mara tatu kama ilivyo desturi. "Bwana Shauri! Bwana Shauri! Bwana Shauri!"

"Nipo," Bwana Shauri akaitika kutoka kwenye kiti cha hakimu.

"Mshtakiwa husimama."

Akasimama. Akakumbuka kwamba hakimu hukaa, akakaa.

Akajiuliza kama anakubali kosa. Jibu lilihitaji akili. Akikubali, atafyeka nyasi siku saba mbele ya dirisha lake mwenyewe, huku Felisiani akimhesabia. Na akikubali kwamba aligeuza, basi Bwana Mkubwa alisaidia, na itabidi mkubwa wake apelekewe panga. Akakana. Lakini wote waliokuwapo walimwona, kwa hiyo palibaki mlango mmoja tu wa kutokea: kwamba zana ile ilikuwa na asili.

"Aitwe Mzee Zenon wa Pito," akasema.

Mzee Zenon akaingia na koti lake la misa, kofia mkononi. Bwana Shauri akaifunua leso, akamwonyesha namba kumi na nne, na sauti yake ilikuwa asali tupu.

"Mzee wangu, hii ni kazi yako?"

"Yangu, Bwana."

"Kwa hiyo ina asili."

"Hapana, Bwana. Haina. Imeandikwa. Nilisomewa mara mbili."

Madirisha yakatikisika kwa vicheko. Felisiani akaomba kimya, naye akajiziba mdomo.

"Lakini umeifua wewe, mzee. Kiwandani kwako."

"Kiwanda kipi? Mimi nina moto na jiwe. Mtu duni tu."

"Sivyo!" Bwana Shauri akasimama, safari hii bila kukumbushwa. "Chuma hiki ni bora! Nimekishika kwa mkono wangu huu! Spana arobaini zenye muhuri ziliteleza, hii ikashika! Kuna mhunzi mwingine anayeweza kufua namna hii? Nani anathubutu kusema haina asili?"

Hakuna aliyemjibu, maana jibu lilikuwa nje uwanjani, kwa herufi kubwa, na sahihi yake chini.

"Bwana unanisifu, nami nashukuru," Mzee Zenon akasema. "Ila mimi ndiye mwenye mali, na mtu husifu chake. Neno langu halitatosha. Atafutwe aliyeona zikifuliwa."

Bwana Shauri akageuka huku na huku. "Yupo?" akauliza madirisha. "Yupo yeyote hapa aliyeona?"

Madirisha yote yakamtazama mtu mmoja. Karani wa mahakama haongei, huandika. Modesti akaitazama kalamu yake kwa muda, akaiweka chini, akasimama.

"Mimi, Bwana. Nyingi nilivukuta moto wake kwa mikono yangu. Zilizobaki nimeziona nikienda kula kwetu Jumapili." Kisha akamgeukia mzee, mbele ya Serikali, mbele ya madirisha, akainama kidogo. "Shikamoo, baba."

Mzee Zenon akaihamishia kofia mkono wa kushoto. "Marahaba, mwanangu," akasema.

Bwana Shauri alimtazama karani wake. Akaitazama hati ya mashtaka, jinsi ilivyopigwa vizuri. Akamtazama tena.

"Kwa nini hukusema?"

"Fomu ilikuwa na nafasi ya urefu, kutu na kazi, Bwana."

Hukumu ikaandikwa upesi. Mahakama iliridhika kwamba zana thelathini na moja zina asili, na asili yake ni Pito. Kwamba mshtakiwa wa kwanza yuko huru, na wa pili vilevile, atumiwe nakala. Na kwamba mhunzi Zenon afue anavyopenda, bila kuzuiwa na mtu, bila kujali cheo. Bwana Shauri akaweka sahihi, akapangusa kipaji. Akataka kuondoka, lakini Modesti, ambaye sasa alikuwa amekalia kiti chake tena na kushika kalamu, akamsomea utaratibu: mali iliyochukuliwa hurudishwa na aliyeamuru ichukuliwe, kwa mkono wake, moja moja, na aliyeifua aikague.

Kwa hiyo Bwana Shauri akakabidhi. Mzee Zenon alipokea kila zana, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaipitisha kidole, akampa fundi wake. Lukmani alipoipata namba tisa aliibusu, akampa mtu aipeleke mbio kwa shangazi kabla mahindi hayajatoa majani, mwenyewe akabaki, maana hakutaka kupitwa. Ikafika namba kumi na nne. Mzee akaiinua, akafumba jicho moja, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Shingo ya hii imepinda kupita nilivyoipinda mimi," alisema. "Mtu ameikaza kwa nguvu badala ya kufungua. Ni nani?"

Felisiani akafungua daftari, akalowesha penseli kwa ulimi. Modesti akasubiri, kalamu juu ya karatasi.

Bwana Shauri, akiwa kwenye kiti chake cha hakimu, akanyoosha mkono juu kama mtoto wa shule.